Mjadala: Kadi ya FPGA kwenye seva ya ujumbe Kigoma, ina kazi au ni mapambo?

HOJA: Ziwa Tanganyika linagusa nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Tuseme wanamaji, polisi wa majini, bandari na watu wa hali ya hewa wanapeana taarifa za XML (maandishi yenye vitambulisho vinavyotaja kila kipande ni nini) kupitia seva moja Kigoma, ambayo husoma kila ujumbe na kuamua uende kwa nani. Je, fedha ya umma inunue kadi ya FPGA (chipu ambayo saketi zake hupangwa upya kwa kazi maalumu) kuharakisha usomaji huo?

Mdau wa Katubuka: Inunuliwe. Kila ujumbe unapimwa kwa masharti ya wapokeaji: chombo gani, eneo gani, lebo gani ya usiri. Ujumbe 5,000 kwa sekunde, masharti 2,000, ni ulinganisho milioni 10. FPGA hupima yote kwa mpigo, herufi zikiwa bado zinaingia. Na muda wake hautetereki. Programu ya Java ikisimama kufagia kumbukumbu, foleni inavimba.

Fundi Mwanga: Kaka, ujumbe 5,000 kwa sekunde kwenye ziwa hili utoke wapi? Tupige hesabu. Ripoti ya chombo kimoja yenye KB 2 ni biti 16,000. Seva ya kawaida huisoma chini ya milisekunde moja. Ikifika kwenye redio ya HF (ya masafa marefu) ya biti 2,400 kwa sekunde, kuirusha tu ni sekunde 6.7. Umefunga injini mpya, nanga bado iko chini.

Bana kwanza. EXI, muundo wa kubana XML uliopitishwa na W3C (shirika la viwango vya wavuti) mwaka 2011, hugeuza vitambulisho virefu vya XML kuwa biti chache. Ripoti ikishuka hadi baiti 200, ni sekunde 0.67. Kisha panga foleni: picha ya KB 300 hukalia redio hiyo dakika karibu 17, na wito wa mtumbwi unaozama uko nyuma yake! Ikate vipande vya baiti 500, kila kimoja sekunde 1.7, wito upenye katikati.

Mdau wa Katubuka: EXI nayo ina mtego. Pande mbili zikitumia matoleo tofauti ya skima (kanuni za muundo wa ujumbe), mpokeaji anaambulia takataka.

Fundi Mwanga: Kweli. Namba ya toleo iandikwe kwenye kichwa cha ujumbe, na la zamani lisifutwe hadi kituo cha mwisho kihame.

Dada wa Kibirizi: Ndugu zangu, ulinzi mmeuacha. XML fupi yenye marejeo yanayozaana, ikifunguliwa, hujaza kumbukumbu ya seva yote. Kadi huikata mlangoni (ingawa kuzima DTD, sehemu ya XML inayotangaza marejeo hayo, kwenye mipangilio nako kunatosha, tena bure). Kasoro ya kadi ni pale masharti yanapojengwa ndani ya saketi: kubadilisha moja ni kuijenga upya, saa kadhaa, na boti za doria zinasubiri. Yawekwe kwenye jedwali la kumbukumbu. Kwangu, kadi iende makao makuu, penye faiba na wapokeaji wengi. Kigoma wapewe seva mbili, betri, na kinga ya radi kwenye waya wa antena.

Mdau wa Katubuka: Makao makuu, sawa. Kigoma bado sijashawishika.

Fundi Mwanga: Basi kabla ya zabuni wapime siku saba: ujumbe unakaa muda gani ndani ya seva, na muda gani kwenye foleni ya redio. Seva ikila hata robo ya muda wote, soda juu yangu.