Vivuli vya Hogarth vinapasuka, sehemu za mwanga ziko salama: kwa nini?

Swali
Wakuu, hii ni nakala ninayochora ya onyesho la pili la Marriage A-la-Mode, mfululizo wa picha za mchoraji Mwingereza William Hogarth (1743–45), sm 70 × 91. Vivuli vimewekwa kwa lami ya kahawia na mafuta mengi ya kitani, kisha rangi nyembamba juu. Baada ya wiki kadhaa vimefunguka nyufa pana kama tope la bwawa lililokauka. Tatizo ni mafuta au lami?

Jibu 1
Vyote, ila lami ndiyo mkosaji mkubwa. Haikauki sawasawa hata miaka ikipita. Rangi ya juu hukaza na kusinyaa huku ya chini bado inateleza, basi ya juu inachanika. Joshua Reynolds, mchoraji mwingine Mwingereza, aliharibu picha nzuri kwa njia hiyohiyo, na akaongeza jeli ya vanishi ya mastiki (utomvu wa mti) na mafuta: tamu kwenye brashi, lakini huwa ya kahawia na huyeyuka picha ikisafishwa.

Kwangua vivuli vyote hadi praima, yaani rangi ya msingi ya turubai. Kupaka juu ya nyufa ni kazi bure. Tumia amba iliyochomwa (rangi ya udongo wa kahawia) na bluu ya Prasha kidogo sana, maana hiyo bluu humeza kila kitu. Amba ina manganizi, inakauka haraka. Tabaka la kwanza lizimuliwe kwa tapentaini bila kuongeza mafuta. Ukibonyeza kwa ukucha na alama ikabaki, subiri. Mafuta yaongezeke kadiri unavyopanda juu, kamwe si kinyume chake.

Jibu 2
Naunga mkono, na usiipake vanishi ya kahawia ili ionekane ya kale. Hogarth aliichukia imani kwamba muda unapendezesha picha; mwaka 1761 alichora Wakati kama mzee anayeipulizia picha moshi wa kiko.

Jambo jingine: ukitazama chapa za picha hii zilizopigwa kwa bamba la shaba ili kupata maelezo madogo, zigeuze kwanza. Kwenye turubai mume amelegea kitini upande wa kulia, mbwa akinusa kofia ya mwanamke mfukoni mwake, na msimamizi anatoka kushoto na ankara. Kwenye chapa ni kinyume.

Muulizaji
Asante sana. Na rangi nyeupe ya madini ya risasi?

Jibu 1
Ni sumu, usiipige msasa mkavu. Nyeupe ya titani inafaa, ila ni baridi na inafunika mno. Tia chembe ya okari, rangi ya udongo wa njano.