Granite Mountain hadi kibanda cha kuangalizia moto, nitaweza?

Jamani wa Seattle, Jumamosi nataka kupanda Granite Mountain nifike kile kibanda cha kuangalizia moto wa msituni pale kileleni, ni mkali kiasi gani? Nimezoea kutembea mtaani tu.

kaka_wa_kent: Ni mkali sana ndugu yangu, kwenda na kurudi kama kilomita 14 ila unapanda zaidi ya mita 1,100, mwanzo unafuata njia ya kwenda ziwa la Pratt Lake kivuli tupu unajiona bingwa, ukishaiacha tu hapo magoti yanaanza kulia. Maji beba lita 3, juu ni jua na mawe.

mama_Z: Dada theluji imeisha kweli? Njia inakatiza korongo ambalo theluji huporomoka, watu wamefia pale. Kama bado ipo ngoja Julai, tafadhali sana.

kaka_wa_kent: Mama Z kasema kweli. Mi nilienda Agosti, mawe ya mwisho nilikuwa nashika kwa mikono, nikainua kichwa Mlima Rainier huyo mweupeee kwa theluji, nikakaa chini ya kibanda nikala chapati yangu kimya.

Asanteni, nasogeza hadi Agosti.