Plagi inakuwa nyeusi kila siku nne, nisaidieni

Jirani_Umoja: Wadau, habari za jioni. Niko na pikipiki ya cc 150. Naweka plagi mpya, siku nne imekuwa nyeusi. Inamisi nikipanda barabara ya Outering, na asubuhi napiga kiki mpaka jasho. Hii ni ya tatu mwezi huu. Niambieni tu plagi gani inaweza kufika wiki moja. Ni haraka.

Spana_Kumi: Nyeusi kavu kama masizi, ama nyeusi ya mafuta? Ikiwa kavu, petroli imezidi hewa: safisha filta, angalia choki isije ikawa imekwama. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa Mombasa ikifika huku inalewa petroli.

MamaBoda: Yangu ilinizimikia Donholm kwenye mvua, mteja nyuma amebeba keki ya harusi. Kumbe maji yaliingia kwa kofia ya plagi. Keki ilifika. Umbo lake msiniulize.

Mwalimu_Mstaafu: Shida yenu ni petroli ya chupa za kando ya barabara, inachanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu ya mchezo huo. Bado mnanunua tu.

Jirani_Umoja: Mwalimu, mimi huweka kwa pampu. Plagi nimeisugua na brashi ya waya, nikaichoma kwa jiko la gesi. Ikaenda siku mbili. Hii hapa picha.

Spana_Kumi: Brashi ya waya huacha chembe za chuma kwenye ile kauri nyeupe, halafu umeme unapotelea hapo. Na swali langu umeliruka. Kavu ama mafuta? Na kwa nini wiki moja?

Jirani_Umoja: Iko na mafuta kiasi. Naongeza oili robo lita hivi kila wiki mbili. Fundi wa hapa alisema ni ringi za pistoni zimeisha, zinapitisha oili, anataka kufungua injini. Hiyo pesa sina, na kuna mtu anakuja kuichukua Jumamosi.

MamaBoda: Aaa! Kuichukua vipi? Mtu gani?

Jirani_Umoja: Kuinunua. Ni ndugu ya mke wangu. Msianze. Bei nimempa ya kinyumbani, na ameniona nikiiendesha. Mambo ya oili hajauliza.

Mwalimu_Mstaafu: Kwa hivyo unamuuzia shemeji yako ugonjwa ukiwa umeupaka poda. Krismasi mtakaa meza moja.

Kijana_wa_Steji: Mwekee plagi ya NGK yenye namba ndogo, inachoma oili. Itafika hata Jumapili 😂

Spana_Kumi: Ni kweli, kwa NGK namba ikishuka plagi inakuwa ya moto zaidi. Lakini ukishuka sana utatoboa pistoni ya mwenyewe.

Chunguza254: Mnadanganywa. Hiyo picha nimeitafuta, imejaa kwenye intaneti na ni plagi ya gari. Halafu huyu mwezi wa pili alikuwa mfugaji wa Ruai, kuku wake wanataga mayai laini, na akasema hana hata baiskeli. Ni mtunzi.

Jirani_Umoja: Kamera ya simu imekufa, nikachukua picha inayofanana. Kuku ni za mke wangu, tunatumia akaunti moja. Baiskeli hana, ni kweli.

MamaBoda: Walipona? Wangu wanafanya hivyo hivyo.

Jirani_Umoja: Walipona. Waongezee chokaa ya kuku.

Chunguza254: Hata kuku siwaamini.

Spana_Kumi: Wacheni kuku. Jirani, moshi wa bluu, ule wa oili kuungua, unatoka saa ngapi?

Jirani_Umoja: Asubuhi nikiwasha, unajaa ploti yote. Dakika chache umeisha. Barabarani sijauona, hata nikikaza mafuta.

Spana_Kumi: Hilo ndilo ungeanza nalo. Ringi zikiisha, moshi hukufuata mlimani. Huo wa asubuhi mara nyingi ni sili za vali, vile viraba vya kuzuia oili: zikichoka, oili inadondoka usiku ndani ya silinda. Pima kabla hujamlipa mtu. Toa plagi injini ikiwa baridi, pangusa vumbi kwanza, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye silinda, rudisha plagi, kanyaga kiki. Ikiwa ngumu kuliko kwanza, ni ringi. Ikibaki vilevile, angalia vali. Na plagi ianze kwa vidole, spana baadaye. Ikiwa mpya, nusu mzunguko inatosha, hiyo hedi inayoshika plagi ni alumini, nyuzi zake huharibika haraka.

Jirani_Umoja: Nimepima. Kiki ni ileile. Nimempigia shemeji nikamwambia yote. Amecheka. Anasema moshi aliuona kitambo, alikuwa amepanga kuniangusha bei Jumamosi mbele ya mama mkwe. Sili mbili kwa maduka ya spea ya Kirinyaga Road ni pesa ngapi?