Watoto wa Bi Tatu

*Jumapili, saa 2 usiku*

Zuhura: Jamani, Mama tangu alasiri anasinzia tu. Nimemwamsha ale, kaniita shangazi. Kasimama, kayumba, kidogo aanguke.

Kaka Hamisi: Presha?

Zuhura: 92 kwa 58.

Kaka Hamisi: Mbona imeshuka hivyo? Ijumaa hapa kwangu ilikuwa 150 na kitu.

Zuhura: Na kidonge nilimpa asubuhi alipofika.

Rehema: Dada subiri. Mimi nilimpa alfajiri kabla sijamleta.

Zuhura: REHEMA

Rehema: Si ungeniuliza? Au alikwambia hajanywa?

Zuhura: Ndiyo, kasema hajanywa.

Kaka Hamisi: Mama huyu huyu anayemaliza ubwabwa na kusema tunamlaza njaa?

Wifi Asha: Shangazi shikamoo. Zuhura, piga picha dawa zote, upande wenye maandishi madogo.

Zuhura: 📷📷📷

Wifi Asha: Hizo mbili za presha ni amlodipini zote, kampuni tu tofauti. Kwa hiyo huenda anameza mara mbili si leo tu. Na Piriton ya nani?

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Yangu mwanangu, nampa apate usingizi. Usiku halali, anafunga kanga anataka kwenda kwao Magomeni Kota. Kota zilishavunjwa, zimekuwa maghorofa, nimpeleke wapi?

Wifi Asha: Pole Shangazi. Ila mwenye ugonjwa wa kusahau, Piriton inamvuruga zaidi. Na kubadilika ghafla hivi tusiseme ni kusahau kwake kule kule. Hata UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, humfanya mzee ababaike. Aende hospitali sasa hivi, asingoje asubuhi.

Kaka Hamisi: Natoka Tabata na gari.

Zuhura: Kadi ya bima?

Rehema: Iko kwangu Kigamboni 🙈

Zuhura: Mama Tandika, bima Kigamboni, cheti cha kliniki Tabata. Hivi tunamuuguza au tumeshagawana mirathi?

Shangazi Mwajuma: Astaghfirullah Zuhura.

*Saa 5:40 usiku*

Zuhura: Katundikiwa dripu, presha inapanda taratibu. Mkojo wamechukua wakapime. Daktari kauliza anatumia dawa gani, mimi na Kaka tukatazamana. Nikamfungulia picha za humu.

Wifi Asha: Alhamdulillah. Na ya Piriton mmemwambia?

Zuhura: Tumemwambia. Kasema iachwe.

Kaka Hamisi: Nimenunua kauntabuku hapa nje. Dawa, saa, presha, na jina la aliyempa. Linakaa kwenye mkoba wa Mama, anakokwenda linakwenda. Asiyeandika asimpe kitu.

Rehema: Sawa Kaka. Kadi naileta na pantoni ya kwanza.

Zuhura: Mama kaamka. Kaliona daftari, anamuuliza Kaka shule zinafunguliwa lini 😂