Bustani ya nyuma ya nyumba: nipande vitunguu vingapi?

mama_wa_matembele

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana nimepiga hesabu mpaka usiku na kila nikirudia napata jibu jingine. Niko Morogoro, nyuma ya nyumba nina kieneo cha mita 4 kwa 6, maji ya bomba yapo, miaka yote nalima mchicha na matembele tu. Sasa nataka vitunguu maji, vya kula wenyewe sio vya kuuza, tuko watu sita. Duka la pembejeo wameniambia nichukue kopo la mbegu la gramu 50, jirani ananiambia nipande vichache vya majaribio, mume wangu anasema jaza eneo lote tumalize ubishi. Nyie mlianza na miche mingapi? Mimi hata kitalu cha vitunguu sijawahi kukiona kwa macho.

tuta_la_jioni

Dada hilo kopo la gramu 50 liache hapo hapo dukani tafadhali. Mimi msimu wa kwanza nililinunua na nikasia lote, gramu 1 ina mbegu kama 250 hadi 300 hivi, sasa zidisha mwenyewe, ni zaidi ya elfu kumi na mbili. Ziliota zimesongamana kama manyoya, nyembamba, zimelala chini, zikaanza kunyauka kwa mafungu kuanzia shinani, nikawa naamka asubuhi naona duara lingine limekufa. Nilichookoa hakikufika tuta moja. Iliniuma sana kwa sababu mbegu ni hela, na hata ukisema ubakize za mwakani, mbegu ya kitunguu haikai, ikivuka mwaka uotaji unashuka vibaya.

Usianzie kwenye eneo, anzia jikoni. Kaa wiki moja uhesabu mnamenya vingapi, usikisie. Ukishajua njoo hapa tupige hesabu pamoja.

kijana_wa_eyasi

Naunga mkono. Mimi nimekulia Mang'ola huku Karatu, kitunguu ndio kimetusomesha, niongezee ya shambani. Tengeneza tuta la upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Mistari ipishane sentimita 15, mche kwa mche sentimita 10, kwahiyo kila mstari unaokatiza tuta unabeba miche 10, tuta la mita 5 linabeba mistari 33 yaani miche 330. Ukibana zaidi ya hapo utapata vitunguu vya saizi ya ndimu.

Mche unapandikizwa ukiwa na unene wa penseli, wiki 6 hadi 8 tangu kusia, usiuzamishe, mizizi ifunikwe na shingo ibaki juu, kitunguu kinapenda kukaa juu ya udongo sio ndani kama kiazi. Halafu angalia mvua. Kwa Morogoro ningesia masika yakielekea kuisha ili kikomae kiangazi, maana mvua ikikikuta kimekomaa kinaoza, na ukungu wa majani nao unapenda unyevu.

fundi_wa_bustani

Mi nipo na shemeji, jaza eneo lote, cha ziada majirani watanunua kwa fungu hapo hapo mlangoni.

tuta_la_jioni

Mkuu kuuza sio tatizo, tatizo vinakomaa kwa pamoja. Eneo lake lote ni karibu miche elfu moja, siku majani yanaanguka anang'oa vyote ndani ya wiki, atavianika wapi kivulini nyumba ya watu sita? Na palizi je? Majani ya kitunguu ni membamba hayafuniki ardhi, magugu yanapita juu na jembe huwezi kutumia, unang'oa kwa vidole mche kwa mche. Tuta moja unalimaliza jioni moja, matatu kwa mtu anayeanza yatamshinda.

mama_wa_matembele

Nimerudi wapendwa, wiki imeisha. Nilikuwa nachora mstari wa mkaa ukutani jikoni kila kitunguu kikimenywa, watoto nao wakadaka wakawa wananikumbusha. Imetoka 18, na jumapili peke yake ilikula vitano kwa ajili ya pilau. Kwahiyo kwa mwezi ni kama 78. Sijui niandae vya miezi mingapi, mwaka mzima vitakaa kweli?

kijana_wa_eyasi

Mwaka usahau mama. Vyekundu kama Bombay Red au Red Creole vikikaushwa vizuri hesabu miezi mitatu ya uhakika, vikizidi hapo ni faida. Tatu mara 78 ni 234. Sasa weka vitakavyokufa, vitakavyoliwa na thripsi (vidudu vidogo vinavyonyonya majani), vitakavyogawanyika, vitakavyotoa shingo nene, kwa anayeanza ongeza robo, inafika kama 290. Ona sasa, ni tuta lako moja la mita 5 na linabaki na miche arobaini ya kuzibia mapengo.

Mbegu chukua pakiti ya gramu 10. Imwage kwenye gazeti, igawe mafungu matano yanayolingana, fungu moja ni gramu 2, mbegu kama 500, hilo ndilo usie. Mistari ya kitalu ipishane sentimita 10, mbegu ifukie sentimita 1, funika na nyasi kavu, ukiona zimeanza kuchungulia kama siku ya 7 hadi 10 ondoa nyasi haraka.

tuta_la_jioni

Mafungu mengine usiyaache kabatini, baada ya wiki nne sia fungu la pili kama una nguvu, utaongeza mwezi mmoja wa kula. Ila lipeleke tuta jingine.

Na yuria usiendekeze. Weka samadi iliyooza vizuri kabla ya kupanda, mbolea ya kukuzia mara moja au mbili mwanzoni basi, ukiendelea kuweka wakati kinajaza unapata majani mazuri na shingo nene isiyofunga, hicho hakikai hata mwezi. Majani yakianza kulala punguza maji halafu kata kabisa, ukishang'oa anika kivulini penye upepo mpaka shingo ikauke ukiibinya haina maji. Ndio ukate, bakiza sentimita 2 au 3 za shingo. Mimi navitundika kwenye neti jikoni, vyenye shingo nene natenga sufuria ya pembeni vinaliwa kwanza.

mama_wa_matembele

Asanteni sana jamani, mmenitoa mbali. Basi ni tuta moja la vitunguu, la pili nalilaza na samadi kwa ajili ya lile fungu la pili, la tatu matembele yangu yanabaki. Mume wangu amekubali baada ya kuona hesabu ya palizi. Swali la mwisho, kitalu nikiweke chini ya mpapai ambapo pana kivuli cha mchana au?

kijana_wa_eyasi

Hapana, juani. Kivulini miche itarefuka bila unene. Na kuku wako wazuie na miiba, wanapenda kweli kuchakura kitalu kipya.

mama_wa_matembele

Kuku ni wa jirani, na ndio huyo aliyesema vichache vya majaribio. Naenda kuongea naye leo jioni.