Tunahama Mwanza kwenda Mombasa na watoto watatu: waliowahi kuishi huko naombeni mwongozo

Mama wa Kirumba

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mume wangu amepata kazi Mombasa, kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ametangulia, amepanga nyumba Likoni. Mimi na watoto tutamfuata mwezi wa kumi na mbili shule zikifungwa. Mkubwa yuko darasa la tano shule ya serikali, wa kati la pili, wa mwisho bado yuko nyumbani. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda hapa Kirumba, na nimezaliwa na kukulia hapahapa kwenye mawe na ziwa.

Kila ninayemuuliza ananijibu, "Mombasa si Waswahili wenzetu, utazoea tu." Sikatai, ila nakwenda nchi ya watu na watoto wadogo, nataka kujua mambo yenyewe. Shule itakuwaje? Cherehani nibebe au niuze? Wanangu wanaogelea ziwani tangu wadogo, baharini niwaachie? Naomba kuwasilisha.

Msafiri wa Nyegezi

Hongera dada. Anza na karatasi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavukiana mipaka kwa kitambulisho cha taifa. Sisi Watanzania bado tunahitaji pasipoti au hati ya kusafiria, na kila mtoto awe na ya kwake. Kadi za homa ya manjano msisahau. Shemeji akishapata kibali cha kazi, wewe na watoto mnaombewa pasi ya wategemezi, na wa shule wanaombewa pasi ya mwanafunzi. Zingatia hili: pasi ya wategemezi haikuruhusu kufanya kazi. Ukitaka kufungua kibanda cha kushona, unaomba kibali chako mwenyewe. Usikae ukategemea kwamba hakuna atakayeuliza.

Mizigo mizito wengi wanapitisha Singida, Arusha, Holili, halafu Taveta na Voi. Ninyi wenyewe mnaweza kupita Sirari hadi Nairobi, kisha treni mpaka Mombasa.

Mama Mkubwa wa Pasiansi

Mwangaluka mdogo wangu. Nimelea wanangu Mombasa miaka mingi, Kisauni kwanza kisha hukohuko Likoni, sasa nimerudi nyumbani. Naanza na shule, maana ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mtaani mtoto hapati shida. Shida iko darasani. Kwetu shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Kenya, kuanzia gredi ya 4, masomo yote ni Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Mwanangu wa pili huku alikuwa anaongoza hisabati. Kule hatujakaa sana mwalimu akaniita, akaniambia kwa upole kwamba mtoto hajui hesabu. Nikamwomba ampe swali lilelile kwa Kiswahili. Akamwambia, "Tafuta kigawe kidogo cha shirika cha 12 na 18." Mtoto akachukua chaki, akaandika 36, akarudi kukaa. Yule mwalimu, Mungu ambariki, muhula ule wote akawa anamsomea maswali kwa lugha zote mbili.

Kwa hiyo usisubiri mwezi wa kumi na mbili. Mtafutie mkubwa mwalimu wa jioni sasa hivi, na umwambie asihangaike na sarufi. Amfundishe maneno ya hisabati na sayansi: kugawanya, sehemu, mzingo, mmea, joto. Wakikwambia arudie darasa moja, kubali. Mimi nilikubali na sijutii, mwaka mmoja si kitu kwa mtoto anayeelewa anachofundishwa. Wa darasa la pili usimhofie, gredi za mwanzo kwa mjini Kiswahili bado kinatumika, atapata muda wa kuvuta pumzi.

Sasa bahari. Hapa nakuomba unisikilize vizuri. Mtoto wa Kirumba anajua kuogelea, lakini bahari haijui. Ziwa letu asubuhi liko pale, jioni liko palepale. Bahari inaondoka na kurudi mara mbili kwa siku. Maji yakipwa, watoto wanatembea mpaka kule kwenye mwamba kuokota makombe na kuchokoa kaa, furaha tupu. Yakianza kujaa hayaji kwa mbele tu. Yanajaza kwanza zile njia za chini zilizo nyuma yako, na wewe umesimama kwenye mchanga mkavu unadhani una muda. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa inafika mita 3 na zaidi, kina cha kumzidi mtu mzima aliyesimama. Kila asubuhi muulize mvuvi au muuza samaki yeyote maji yanajaa saa ngapi, watu wa kule wanajua tangu utotoni. Wanao wawe wamerudi nchi kavu kabla. Na wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, kuanzia mwezi wa nne hivi, bahari huchafuka. Wakatazwe kabisa mpaka wenyeji waseme imetulia.

Jambo jingine ambalo hakuna atakayekukumbusha: wapimwe kichocho kabla hamjaondoka. Konokono anayekieneza anaishi maji yasiyo na chumvi, baharini hayupo, lakini wanao wameogelea ziwani miaka yote. Kule Pwani wanachokizoea zaidi ni kichocho cha mkojo, chetu cha huku ziwani ni cha tumbo na kinapimwa kwenye choo kikubwa. Mtoto akianza kuumwa tumbo huko, mnaweza kuzunguka sana kabla mtu hajakifikiria. Dawa ipo na inatibu.

Cherehani beba ile ya chuma. Kila jioni ifute kwa kitambaa chenye mafuta na uifunike, usiiweke dirishani upande wa upepo. Hewa ya chumvi inakula vyuma, mpaka bawaba za milango.

Mchuuzi wa Mwaloni

Mama Mkubwa amemaliza. Mimi naongezea ya tumbo: dagaa wetu huko wanaitwa omena na sokoni Kongowea wapo, msibebe magunia. Ila ukitaka kuwafanyia biashara baadaye, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 una cheti rahisi cha uasili, yaani karatasi ya kuonyesha bidhaa imetoka Afrika Mashariki, hapo mpakani, pamoja na vibali vya uvuvi na afya. Fuata njia hiyo.

Mama wa Kirumba

Wabeja sana, wote. Mwalimu wa jioni nimeshaongea naye, anaanza Jumatatu. Mama Mkubwa, swali la mwisho: mume wangu anasema ng'ambo ya kivuko, kisiwani, kuna shule nzuri zaidi. Watoto wavuke?

Mama Mkubwa wa Pasiansi

Wasivuke, mwanangu. Kivuko cha Likoni mtu wa miguu halipi, lakini alfajiri ule umati ukiuona utanielewa, watu wazima wenyewe wanasukumana. Mumeo atafute shule upande huohuo wa Likoni, ambako mtoto anatembea kwa miguu na wewe unaweza kumfikia akiugua. Aende mwenyewe akaonane na mwalimu mkuu mwezi huu, akiwa na vyeti vya kuzaliwa na ripoti za huku, kwa sababu Januari kila mzazi anatafuta nafasi.