Najuaje renji za IP za podi na sevisi kwenye Kubernetes?

Wakuu, hii klasta ya Kubernetes (kundi la mashine zinazoendesha programu pamoja) nimeikuta imeshawekwa, sasa nataka kupanga fayawoli na sijui podi (vifurushi vya programu zinazoendeshwa) na sevisi (anwani za kudumu za kuzifikia podi) zinatumia renji gani, naanzia wapi?

— Piga kubectl cluster-info dump | grep -m1 cluster-cidr, hiyo ya podi, ya sevisi tafuta service-cluster-ip-range. Ikiwa klasta imewekwa kwa kubeadm (zana ya kusimika klasta) na hakuna aliyebadilisha kitu, sevisi ni 10.96.0.0/12.

— Hiyo kwenye klasta za wingu mara nyingi inatoka tupu, mitambo ya juu (control plane, sehemu inayoongoza klasta) wameificha. Toleo 1.33 kwenda juu kuna kubectl get servicecidrs, matoleo ya zamani tengeneza sevisi yenye clusterIP (IP ya ndani ya sevisi) ya uongo, 1.1.1.1 hivi, itakataa ila ikikataa inakutajia renji yenyewe, ujanja wa kihuni lakini unafanya kazi 😂

— Kama klasta inatumia Calico (programu ya mtandao wa podi) usiamini sana podCIDR ya nodi (renji ya podi iliyoandikwa kwa kila mashine), cheki kubectl get ippools, huko ndo IP za podi zinakotoka.